Je, nikiachana na mume wangu nitawaharibu watoto?

*"Nimeolewa miaka 11, tunaishi Umoja na tuna watoto wawili: kijana wa miaka 9 aliye Gredi ya 4 na msichana wa miaka 3. Mume wangu hajawahi kunipiga, si mlevi, na kodi na karo analipa. Lakini tangu mwaka juzi hatuelewani, hasa kwa sababu ya pesa nyingi alizomkopesha ndugu yake bila kuniambia. Tunagombana usiku watoto wakishalala, kisha tunanuniana hata wiki mbili. Siku hizo tunaongea kupitia kijana: 'Mwambie babako gesi imeisha.' Muhula huu mwalimu aliniita akasema kijana anazubaa darasani, na nyumbani ameanza tena kukojoa kitandani, jambo aliloacha akiwa na miaka 4. Mama yangu anasema nivumilie kwa ajili ya watoto, kwamba mtoto asiye na baba nyumbani huharibika. Dada yangu, ambaye yeye na mumewe waliachana, anasema niondoke tu, watoto watazoea. Nimefikiria kumpeleka kijana kwa mama yangu Machakos mpaka tutatue mambo yetu. Je, nikiachana na mume wangu nitawaharibu watoto? Au nimeshawaharibu?"*

Dadangu, nianze na kijana, maana yeye hawezi kungoja hadi wewe na mumeo mkate shauri. Mpeleke hospitali wiki hii apimwe mkojo. Mtoto wa umri wake aliyeacha kukojoa kitandani kitambo kisha akaanza tena huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo, au amefunga choo bila ninyi kujua, na mara chache huwa ni kisukari. Ukiona anakunywa maji kupita kawaida, anaenda msalani kila mara na anakonda, usingoje wiki, nenda leo. Kazi yangu ni saikolojia ya watoto na familia, na mtoto wa namna hii huwa nataka aonwe na daktari kwanza ndipo tuzungumze mengine.

Wakati huo, asipigwe wala asichekwe. Godoro lisianikwe mahali ambapo majirani wa ploti nzima wataliona. Hafanyi hivyo kwa uvivu wala kwa ukaidi; anakojoa akiwa amelala fofofo. Badilisheni shuka pamoja kimya kimya asubuhi, basi.

Vipimo vikitoka safi, basi pengine mwili wake unasema kile ambacho yeye hawezi kukisema. Hapo ndipo swali lako linapoanzia.

Mamako hajakosea kabisa. Watoto wanaolelewa na wazazi wawili walioelewana, kwa wastani, huwa na maisha mepesi zaidi. Kosa ni neno "huharibika". Mwaka 1991, watafiti wa Marekani Paul Amato na Bruce Keith walikusanya tafiti 92 zilizohusu watoto zaidi ya 13,000, wakawalinganisha watoto ambao wazazi wao walitalikiana na wale ambao wazazi wao waliishi pamoja. Watoto wa talaka walikuwa nyuma katika masomo, tabia na uhusiano wao na wazazi, lakini tofauti ilikuwa ndogo. Mavis Hetherington, aliyezifuatilia familia za huko kwa miaka mingi, alikuta takriban mtoto 1 kati ya 4 au 5 wa wazazi waliotalikiana akiwa na matatizo makubwa, dhidi ya 1 kati ya 10 katika familia ambazo hazikutengana. Ndiyo, hatari huongezeka mara mbili, na hilo si jambo la kupuuza. Lakini pia maana yake ni kwamba walio wengi walikuwa sawa, wakasoma, wakakua, wakaanzisha maisha yao.

Sasa jiulize ile tofauti inatoka wapi. Sara McLanahan na Gary Sandefur walilichunguza swali hilo, na mwaka 1994 wakaonyesha kwamba karibu nusu yake inatokana na pesa. Nyumba iliyokuwa na mishahara miwili inabaki na mmoja. Familia inahamia mtaa wa bei nafuu, mtoto anabadilisha shule, mama anaongeza saa za kazi na usimamizi unapungua. Andrew Cherlin na wenzake, waliofuatilia watoto wa Uingereza na Marekani, walikuta jambo lingine mwaka 1991: sehemu kubwa ya matatizo ya wavulana ilikuwepo tayari kabla wazazi hawajatengana. Mtoto alikuwa ameanza kuumia ndani ya ndoa, kisha ulimwengu ukaja kuilaumu talaka.

Takwimu hizo ni za ng'ambo, na Nairobi ina mambo yake. Watu hupenda kusema kwamba sisi Waafrika tuna ukoo, mama hawezi kubaki peke yake. Shelley Clark wa Chuo Kikuu cha McGill, akishirikiana na watafiti wa hapa Nairobi, aliwachunguza akina mama wanaolea peke yao huko Korogocho. Jamaa wengi wa watoto wale hawakuwa wakitoa msaada wa pesa. Waliosaidia zaidi walikuwa jamaa wa karibu wa upande wa mama. Kwa hiyo usipange maisha ya wanao kwa kutegemea ukoo kwa jumla. Andika majina: nani hasa atamchukua msichana shuleni ukichelewa kazini, nani alishawahi kukukopesha karo na hakukusema.

Kuna jambo lingine la hapa kwetu ambalo mamako mwenyewe huenda alilipitia. Kwa vizazi kadhaa baba alikuwa mjini akitafuta, mama na watoto wakiwa mashambani, na baba akionekana mwisho wa mwezi au Krismasi. Hakuna aliyeziita familia zile zimevunjika. Watoto walijua baba yuko wapi, atarudi lini, na kwamba karo itafika. Baba hakuwa nyumbani, lakini hapakuwa na fumbo. Mtoto hutulia akiweza kutabiri kesho yake, na anapowaona watu wazima wake wakiwa na amani wao kwa wao, hata kama wako mbali.

Dadako naye anasema watazoea. Hapo nitampinga waziwazi, maana mimi huwaona wale ambao hawakuzoea. Mwaka 1995 Amato, Laura Loomis na Alan Booth walitoa matokeo ya familia walizozifuatilia kwa miaka 12. Pale ambapo wazazi walikuwa na ugomvi mkali, watoto walikuwa na hali nzuri zaidi ukubwani ikiwa wazazi walitengana kuliko wakibaki pamoja. Pale ambapo ugomvi ulikuwa mdogo, ikawa kinyume: kutengana kuliwaumiza. Ukifikiri, inaeleweka. Mtoto wa kwanza anatolewa kwenye hofu ya kila siku. Wa pili alikuwa na nyumba inayomfaa, hata kama mama na baba hawakuwa na furaha, kisha siku moja ikasambaratika bila yeye kuona dalili yoyote.

Kwa hiyo ndoa yenu iko upande gani? Wewe umejihesabu upande wa ugomvi mdogo, kwa kuwa hakuna kipigo wala pombe. Mtoto hapimi hivyo. Mtoto hupima kwa kile anachokisikia, anachokiona, na anacholazimika kukifanya.

Unasema mnagombana wakishalala. Mwaka 2013, Alice Graham na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oregon waliwaweka watoto wachanga wa miezi 6 hadi 12 kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo wakiwa usingizini, wakawasikilizisha sauti ya mtu mzima mwenye hasira. Ubongo uliitikia. Kwa wale waliotoka nyumba zenye ugomvi mwingi, sehemu zinazoshughulika na mfadhaiko na hisia ziliitikia zaidi. Hao ni watoto wa maziwa, tena wamelala. Kijana wako wa miaka 9 aliye chumba cha pili, katika nyumba ya Umoja ambamo hata simu ya jirani husikika, anajua mnachogombania. Analisikia neno "pesa", na mtoto wa umri wake hana habari za mkopo wa baba mdogo. Anaijua karo yake, viatu vyake, ada ya ziara ya shule. Watoto wengi hujumlisha hapo na kupata kwamba kosa ni lao.

Na sasa ile sentensi ya gesi. Nakuomba uifuate hatua kwa hatua. Anatoka jikoni na maneno yako: "Mwambie babako gesi imeisha." Njiani kuelekea sebuleni anafanya uamuzi. Akilisema kama ulivyolisema, baba atakunja uso, na uso huo utamkunjia yeye aliyesimama pale. Kwa hiyo analipunguza makali: "Baba, mama anauliza kama utanunua gesi." Baba, bila kuinua macho kwenye simu: "Mwambie atumie zile pesa za chama chake." Anarudi jikoni, na njiani anatafuta namna ya kulisema hilo usikasirike. Ana miaka 9, na tayari anawapatanisha watu wazima wawili kwa kuwachujia maneno. Ugomvi ukilipuka usiku huo, atadhani alichuja vibaya.

Mtoto aliye katika hali hiyo hukaa macho. Anajua kwa namna funguo zinavyotupwa mezani kama jioni itakuwa salama. Mwili wake unatoa homoni za mfadhaiko saa ambazo ungepaswa kupumzika, usingizi unakuwa wa kukatikakatika, na asubuhi anakaa darasani kama askari wa lango aliyekesha. Mwalimu anaona kuzubaa. Hapungukiwi na akili. Akili yake imebaki nyumbani ikilinda.

Kununiana wiki mbili, basi, si ugomvi mdogo. Kwa mtoto huenda kukawa kugumu kuliko kelele, kwa sababu kelele huwa na mwisho unaosikika. Mark Cummings, mtafiti aliyelifuatilia suala hili kwa miongo mingi, alionyesha kwamba watoto wakiona wazazi wamekosana kisha wakaona wamepatana kweli, wasiwasi wao hushuka sana. Ninyi mkipatana hupatana chumbani. Kijana ameona mwanzo wa kila ugomvi na hajaona mwisho wa hata mmoja.

Umeuliza kama umeshamharibu. Hapana. Dalili zake zimeanza karibuni, na dalili za namna hii kwa mtoto hupungua nyumba ikibadilika. Lakini nyumba lazima ibadilike, mkibaki pamoja au mkitengana.

Kwa haya uliyoniandikia, nisingekuambia uondoke sasa. Ndoa yenu ina mambo ambayo hupatikana kwa shida: baba anayelipa karo, asiyewatisha, na ugomvi wenye sababu inayoweza kutajwa kwa sentensi moja. Pesa za ndugu yake ni jambo linaloweza kuzungumzwa. Vilevile nisingekuambia uvumilie, kama kuvumilia maana yake ni kuendelea hivi hivi. Leo jioni, kabla ya jambo lingine lolote, mwambie kijana mbele ya babake, au peke yako kama babake hataki: "Kuanzia leo hutapeleka ujumbe tena. Mimi na baba tutaambiana wenyewe. Kukosana kwetu si kwa ajili yako, na si kazi yako kutupatanisha." Kisha litimize. Gesi ikiisha, mtumie mumeo ujumbe kwenye simu hata kama hamsemezani.

Halafu mwombe mumeo saa moja, watoto wakiwa kwa jirani au nje wakicheza, si usiku. Usianze na ndugu yake. Anza na kijana: mwalimu alisema nini, kitanda kinalowa, daktari amesema nini. Wanaume wengi ambao hawataki kusikia lawama husikiliza wanapoambiwa mtoto wao anaumia. Mkubaliane jambo moja tu la pesa, kwa mfano kiasi ambacho kila mmoja anaweza kutoa bila kumuuliza mwenzake, na zaidi ya hapo mnaulizana. Mkishindwa, tafuteni mshauri wa ndoa aliyesomea kazi hiyo. Pasta, imamu, wazee wa pande mbili wanaweza kusaidia, na wengi wana busara. Angalia tu wasije wakaitazama ndoa peke yake na kumsahau mtoto. Wakisema "rudianeni", waulize nani atafuatilia kama kununiana kumekwisha. Mumeo akikataa kwenda, nenda peke yako. Jipeni mihula miwili, kisha utazame alama mbili ambazo hazidanganyi: kijana analala vipi, na mwalimu anasema nini.

Kuhusu kumpeleka Machakos, nakusihi usifanye hivyo. Unataka kumwondoa kwenye moto, naelewa. Yeye ataona kwamba wazazi waligombana na yeye ndiye aliyefukuzwa, huku mdogo wake akibaki. Atawapoteza wazazi wote wawili, shule na marafiki kwa siku moja. Likizo kwa nyanya yake ni sawa kabisa, mradi anajua tarehe ya kurudi.

Ikiwa baada ya juhudi za kweli mtaona hamwezi kuishi pamoja, basi tenganeni kwa mpango. Anzeni na hesabu, kwa kuwa mshahara uliokuwa unalipa kodi ya nyumba moja sasa utalipa za nyumba mbili, na deposti juu yake. Kijana abaki shule ile ile, na msihame katikati ya muhula. Baba asiende mbali hivi kwamba kila kumtembelea ni matatu mbili kupitia mjini. Ratiba ya namna hiyo hufa ndani ya miezi michache. Mwaka 1999 Amato na Joan Gilbreth walipitia tafiti 63 kuhusu baba wasioishi na watoto wao, wakakuta kwamba idadi ya ziara peke yake haikuwa na uzito mkubwa. Kilichowasaidia watoto ni baba kutoa matunzo na kuendelea kuwa mzazi: kusimamia kazi ya shule, kuweka sheria, kusikiliza. Baba wa kununua chipsi Jumapili na kuondoka hatoshi. Basi usimfanye mumeo mgeni.

Watoto waambieni mkiwa wote wawili, kwa maneno machache: mtaishi nyumba mbili, nani atalala wapi siku gani, shule haibadiliki, na hakuna mtoto aliyesababisha. Yule wa miaka 3 hataelewa maelezo. Ataelewa kwamba wimbo wa kulala na saa ya kulala ni vile vile. Usimtolee kijana habari za mkopo, na usimwite "mwanamume wa nyumba". Mwenzi mpya asiingie haraka, wa upande wowote. Kila mtu mzima anayeingia na kutoka humrudisha mtoto kwenye kukesha.

Kisheria hauko mikono mitupu. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au la, na kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia. Sheria ya Watoto ya 2022 inafuata msingi huo huo. Nendeni kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yenu, mkae naye, muandike nani analipa nini na watoto wanakaa wapi. Mkishindwa hapo ndipo mambo hufika Mahakama ya Watoto, Milimani. Jaribuni kutofika huko kwa hasira, kwa sababu kesi ndefu ni ugomvi ule ule uliohamishiwa jengo jingine.

Yote haya nimeyasema nikiamini ulivyoniandikia, kwamba hakuna anayekuogopesha. Ikiwa kuna vitisho, kipigo, kukufungia ndani, au umeacha kutaja jambo fulani kwa aibu, basi ushauri wa mihula miwili uache kabisa. Piga 1195, ni bure, au nenda dawati la jinsia la kituo cha polisi ukiwa na watoto, na ujue kwamba Sheria ya 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inairuhusu mahakama kukupa amri ya ulinzi.

Na kuhusu kijana: akianza kusema afadhali asingekuwepo, akijiumiza, akikataa shule siku mfululizo au kuacha kula, usimngojee mshauri wa ndoa. Mpeleke kliniki ya afya ya akili, hospitali za Kenyatta na Mathari zote zinayo, na usiku ambapo hujui pa kuanzia, piga 116, namba ya bure ya watoto inayopokelewa saa zote. Yeye pia anaweza kuipiga mwenyewe. Mwonyeshe namna.